Mteja wangu mzee aliondoka kichwa nusu kwa sababu ya podikasti. Naomba ushauri

KinyoziPondaMali (Nakuru):
Habari zenu wadau. Nina kinyozi hapa Ponda Mali, viti viwili, huu mwaka wa saba. Naombeni mnijibu kwa uzito, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Kuna podikasti ya Kimarekani ninayoifuata tangu mwaka jana. Mtangazaji anauliza: Marekani ikirudi kupigana yenyewe kwa yenyewe, itaanzaje? Haongelei majeshi mawili yaliyopangana kama 1861 hadi 1865. Anaongelea barabara kufungwa, chakula kukatika madukani, vijana wa mtaa kujipa kazi ya kukagua vitambulisho. Nilianza kuiweka kwenye spika na wateja wakaipenda. Kiingereza chake kina mbio, kwa hivyo nasimamisha kila baada ya dakika chache, natafsiri. Ikawa watu wanamaliza kunyolewa na bado wamekaa. Mmoja anasema jamaa anatia chumvi, nchi yenye mahakama kama zile haiwezi kuporomoka. Mwingine anamkumbusha tarehe 6 Januari 2021, watu walivyovunja madirisha ya bunge lao kule Washington. Nilifurahi sana kuona kinyozi changu kinafikirisha watu.

Wiki tatu zilizopita alikuja mzee mmoja, mteja wangu tangu siku niliyofungua. Ninachojua ni kwamba alitoka Kuresoi mwaka wa 1992, wakati wa mapigano ya kikabila, akaja Kaptembwo hapa Nakuru, na Januari 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, akahama tena kutoka Kaptembwo. Hajanieleza zaidi ya hapo, nami sijamuuliza. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto. Podikasti ikafika mahali majirani wanaandika orodha ya nyumba. Nikatafsiri, na badala ya kusema "watu wasiotakiwa", nikasema "madoadoa". Lilinitoka tu. Nimezaliwa hapa, nimelisikia neno hilo tangu utotoni.

Mzee hakusema kitu. Aliinua mkono, nikazima mashine. Akafungua kitambaa shingoni mwenyewe, akakikung'uta, akakikunja mara nne, akakiweka kitini. Akaacha mia moja chini ya kopo la poda, akavaa kofia, akatoka. Upande wa kulia mvi zilikuwa zinachungulia chini ya kofia.

Hajarudi. Niache kuiweka hii podikasti, hasa tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027? Na huyu mzee nimwendeeje?

BodaLangas (Eldoret):
Zima. Weka mpira au nyimbo za kanisa, watu wanyolewe waende. Huku kwetu tunakula meza moja na watu ambao 2008 tulikuwa hatutazamani, na tunaweza kwa sababu kuna mambo tumekubaliana hayaguswi.

NyarKondele (Kisumu):
Ndugu wa Langas, nakuheshimu, lakini mimi sijakubaliana na mtu yeyote kwamba nisiguse. Hiyo podikasti nadhani naijua, na kama ni yenyewe nimeisikiliza yote. Sehemu za mwanzo ni nzuri mno, zile za jinsi watu wanavyozoea kila siku kitu ambacho jana wangekikataa. Ila mtangazaji anaona raia kwa raia tu. Matokeo ya urais yalipotangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 nilikuwa na miaka kumi na nne. Tulilala chini ya kitanda mimi na mama, na hatukuwa tunamwogopa jirani. Jirani alikuwa chini ya kitanda chake. Tuliogopa risasi. Tume ya Waki, iliyochunguza fujo hizo, iliandika mwaka wa 2008 kwamba wengi waliouawa Kisumu walipigwa risasi na polisi.

Kwa hivyo kaka usizime. Lakini ukitafsiri habari za majirani wa Marekani kana kwamba ndio Kenya nzima, unatuacha nje sisi wengine.

MwalimuNjoro:
Nakubaliana na dada wa Kondele, ila nianze na lile neno. Mwaka wa 1992 "madoadoa" lilimaanisha jirani anayepaswa kuondolewa ili ardhi ibaki ya rangi moja. Mwaka wa 2022 tume ya uwiano na utangamano ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Mtu aliyetoka Kuresoi 1992 hakulisoma kwenye orodha. Alilisikia likiitwa nje ya nyumba yake. Wewe ulilisema nyuma ya kichwa chake, umeshika mashine.

Kuhusu podikasti yenyewe, wenzetu wanaposikiliza wanawaza yatakayokuja, na sisi tunakumbuka. Halafu sababu hazifanani. Kwao bunduki zilizo mikononi mwa raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, kwa hivyo mtangazaji anaanzia kwenye silaha. Huku Bonde la Ufa yalianza na ardhi, na nani anakaa kiti cha urais, na kura zimehesabiwa vipi. Panga, mishale na viberiti vilitosha. Ndani ya miezi miwili walikufa zaidi ya watu 1,100, na zaidi ya 600,000 wakahama makwao.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mtangazaji anatumia saa nyingi kueleza nchi inavyovunjika, na dakika chache kueleza inavyozuiwa. Kofi Annan, mpatanishi, alifika Nairobi tarehe 22 Januari 2008. Siku zilezile alizokuwa akizungumza na pande mbili zilizogombania urais, Nakuru na Naivasha zikawaka. Hakuondoka. Mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari. Wateja wako wanajua hizo wiki tano zilikwendaje? Waambie hayo pia, na huhitaji hata kutafsiri.

BintiWaShowground (Nakuru):
Nimesoma nikafunga simu, nikarudi.

Nilikuwa darasa la tano. Tuliishi kwenye hema pale Showground, kambi ya waliohama makwao 2008. Hiyo podikasti nilisikiliza nusu ya kipindi kimoja nikiwa kwenye matatu ya Njoro. Mahali fulani waliweka sauti ya moto. Mabati yakishika joto yanalia, yanapiga kama mtu anayagonga kwa nyundo. Nilishuka kabla ya kituo changu nikatembea. Siwezi kusema ni mbaya. Sikuweza tu.

Kaka kinyozi, kuhusu mzee. Usimtumie pesa kwa simu. Usimweleze podikasti inahusu nini. Usimwambie "sikumaanisha", kwa sababu hapo unamwomba yeye akutulize wewe. Mwambie neno ulilosema, ulitaje kama lilivyo, uombe msamaha, unyamaze. Usimwombe akusimulie ya 2008. Na usiende na kundi la watu wa upatanisho. Nenda wewe mwenyewe, ila mjulishe kwanza mtu wa nyumba yake, asishtuke kusikia mlango ukigongwa.

BodaLangas (Eldoret):
Dada, pole sana. Mimi bado nasema azime, lakini hilo la kwenda mwenyewe ni kweli.

KinyoziPondaMali (Nakuru):
Asanteni wote. Dada wa Showground, nimerudia ulichoandika mara tatu. Kweli nilikuwa nimeshapanga kumwambia sikumaanisha.

Nimeamua kwenye spika haitacheza tena mchana, mtu anapoingia bila kujua atakachokikuta. Mtu aliyekaa kwenye kiti changu na kitambaa shingoni hawezi kunyanyuka aondoke kirahisi, na hilo sikuliwaza. Wale wa jioni wanaoitaka tutaisikiliza baada ya kufunga, na kabla ya hapo nitakuwa nimekisikiliza kipindi peke yangu na kuandika maneno nitakayotumia. Mwalimu, hizo wiki tano za 2008 ndizo tutakazoanza nazo. Nyar Kondele, na hiyo ripoti ya Waki pia.

Swali moja dada. Kichwa chake bado ni nusu, au amekwenda kwingine, sijui. Nibebe mashine?

BintiWaShowground (Nakuru):
Beba. Lakini isitoke kwenye mkoba mpaka yeye aiulizie.

KinyoziPondaMali (Nakuru):
Nimempigia mwanawe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mzee hajanyolewa mahali pengine, anashinda na kofia hata ndani ya nyumba. Nimeambiwa niende Jumapili, ibada ikishaisha. Mashine iko kwenye chaji.