Askari amebeba jiko langu eti linatoa moshi, na yeye fegi iko mdomoni

Wanajamvi, siku tatu nimejizuia kuandika, maana nilijua nikiandika siku ile ile nitataja majina. Hasira imepoa kidogo tu, kiasi cha kuficha jina la kaunti na la stegi. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni muuza mahamri na mbaazi kwenye stegi ya matatu, huku pwani ya Kenya. Naamka saa tisa usiku kukanda unga, saa kumi na moja na nusu meza iko tayari. Ushuru wa siku nalipa, risiti nazitunga kwenye msumari mpaka zimekuwa kama kitabu. Jumanne, saa mbili kasorobo, wakaja askari wa kaunti wanne. Mmoja akapitia kibanda cha jirani yangu, akanunua fegi moja, akaiwasha kwa kile kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani. Akaja nayo hivyo hivyo mdomoni mpaka mezani kwangu, akaelekeza kidole kwenye jiko la makaa: "Mama, unachafua hewa. Hapa ni mahali pa umma."

Jivu likamdondoka wakati anasema "umma". Likatua kwenye sinia ya mahamri.

Wallahi nilidhani ananitania. Nikacheka. Kucheka ndiko kulikoniponza, kwa sababu wenzake wakashika jiko na makaa yake mekundu, wakayamwaga mtaroni, jiko likatupwa kwenye lori. Sufuria ya mbaazi wakaniachia, na tui lilikuwa halijashika vizuri. Kulikomboa jiko shilingi 2,000, risiti hakuna. Mahamri yenye jivu nikayatoa pembeni, sita, na mteja mmoja akaniuliza kama hayo ndiyo ya bei nafuu.

Sasa tuongee sheria, kwa sababu mpwa wangu amenisomea yote kwenye simu usiku ule na mimi si mjinga kama yule kijana alivyonidhania. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007. Inakataza kuvuta sigara mahali pa umma: hospitali, masoko, mikahawa, magari ya abiria. Faini inafika shilingi 50,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Mwenye mkahawa au msimamizi wa jengo anayeacha watu wavute ndani naye ana lake la kujibu. Na hiyo fegi moja aliyoinunua askari pia ni kosa kuuzwa, maana sheria inataka sigara ziuzwe kwenye pakiti isiyopungua kumi. Kwa hiyo fegi moja imevunja sheria mara mbili, ilipouzwa na ilipovutwa, na mwenye kuivuta ndiye anayekuja kunishika mimi kwa kosa ambalo mpaka leo sijaandikiwa kwenye karatasi yoyote.

Mtu asiniambie kaunti haina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma na matangazo ya nje. Vyote viko kipengele kimoja! Haya, hayo matangazo ya nje wanayajua vizuri. Fundi simu jirani yangu aliandika jina la duka ukutani kwa rangi ya mkono, wiki haikuisha akadaiwa leseni ya bango. Hewa haina leseni ya kulipia, basi ikaachwa.

Niseme pia, sina ugomvi na wavutaji. Marehemu mume wangu alikuwa mvutaji, na makanga wengi hapa stegini ndio wateja wangu wa kwanza asubuhi. Hata wao wanaonewa. Wapo askari wanaojificha nyuma ya matatu kumngoja kijana awashe, kisha wanamzunguka wawili watatu na kumtishia ile 50,000. Kijana anaanza kwa kulia, anamalizia kwa kutoa 500, fegi inazimwa, kila mtu anaenda zake. Mahakamani hakuna aliyefika. Dakika kumi baadaye mwingine anawasha pale pale, wanajua atawasha, na wao wanataka awashe.

Kulijengwa chumba cha wavutaji hapa, nyuma ya choo. Mabati manne na mlango. Sheria yenyewe inataka chumba kama hicho kitengwe, kiwe na hewa ya kutosha na alama ya kuonyesha. Chetu kina kufuli. Ndani mna mikokoteni, na mikokoteni ni ya mtu ambaye kila mwezi analipa kodi sijui kwa nani. Wavutaji wanasimama nje, wameegemea benchi la kina mama wanaongoja matatu za kwenda kliniki na watoto mgongoni.

Na hayo ni ya fegi, kitu chenye moshi unaouona na harufu unayoijua. Kuna hili dude jipya la vepu, sigara ya kielektroniki. Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza, ana pumu tangu mdogo, pampu yake haiachi mfukoni. Mwezi uliopita nikawa natafuta rula kwenye mkebe wake wa jometri, nikakuta kitu cha rangi ya waridi, kinene kidogo kuliko kalamu ya kupigia mstari. Nikakinusa: stroberi. Nikakiweka kando nikijua ni manukato ya wasichana, nikajisemea tutaongea. Mpwa wangu alipokiona akanyamaza kwanza, kisha akaniambia, "Shangazi, hii ni sigara." Mtoto wa pumu! Kainunua kwenye duka la vifaa vya simu, hatua mia na kitu kutoka geti la shule, zimepangwa kwenye kioo katikati ya chaja na vifuniko vya simu. Kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18 ni marufuku. Nikaenda. Muuzaji akaniambia bila aibu, "Hii si tumbaku mama, ni mvuke tu."

Sheria ya 2007 iliandikwa kabla haya madude hayajazagaa, nakubali. Kuna mswada wa kuibadilisha, uliletwa Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma, na ndani yake hizi sigara za kielektroniki zimo. Lakini oneni maajabu: nikotini ya maji tayari inatozwa ushuru wa bidhaa, kwa mililita. Kwa mililita jamani! Serikali iliyoweza kuipima mpaka hapo inashindwa kumwambia mwenye duka aiondoe kwenye kioo kinachotazamana na shule.

Mtasema tungoje Bunge. Shisha je? Desemba 2017 Wizara ya Afya iliipiga marufuku, sote tukashangilia, mimi wa kwanza. Septemba 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa pwani kwetu, ikawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, kwa sababu zile kanuni hazikufikishwa Bungeni kama inavyotakiwa. Miaka hiyo yote watu wanakamatwa na hakuna aliyekumbuka kupeleka karatasi. Wakitaka kufanya kazi wanaweza. BAT, kampuni ya sigara, ilizipinga kanuni za tumbaku za 2014 mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Ushindi umepatikana dhidi ya kampuni kubwa namna hiyo, halafu huku chini anayeshindikana ni muuza vifuniko vya simu.

Jumatano nilikwenda ofisini kwao, na lile dude la waridi nimelifunga kwenye leso. Meza ya kwanza ikanituma kwa afya ya umma. Afya ya umma wakasema ni suala la leseni za biashara. Leseni wakaniambia duka lile lina kibali cha vifaa vya simu na kibali ni halali, kwa hiyo nimfuate mkuu wa askari. Mkuu wa askari nikamkuta koridoni, amesimama chini ya kibao cha "Hakuna kuvuta sigara". Naapa sikuongezea chumvi. Akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto, moshi ukawa unampandia begani, akaniuliza nina shida gani.

Nikasema jiko langu. Sikuweza hata kufika kwenye habari ya mjukuu.

Akasema jiko ni 2,000.

Mdau wa kwanza atakayeniandikia "toa tu hiyo pesa yaishe" aelewe kwamba hiyo ni faida yangu ya siku nne, na kwamba nikitoa, wiki ijayo watalichukua tena. Ninachotaka ni hiki: mwenye kuwahi kupeleka malalamiko ya sigara au vepu kwenye kaunti yoyote na yakaandikwa kwenye kitabu, aniambie ni afisa wa cheo gani aliyapokea na barua ilianzaje. Mpwa wangu yuko tayari kuandika usiku huu. Na kama kuna anayeuza jiko la gesi la mkono wa pili, dogo, la mtungi wa kilo sita, aweke bei hapa chini.