Mistari milioni 1.3 ya maziwa, nataka mstari mmoja kwa kila mfugaji kwa mwezi

karani_maziwa
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana hii ni siku ya tatu nimekwama. Mimi ni karani kwenye ushirika wa wafugaji, wanachama kama 1,900, wengi wanaleta maziwa asubuhi na jioni na kila wakipimiwa unaingia mstari mmoja: namba ya mwanachama, tarehe, kituo, lita. Mwaka mzima imefika mistari 1,312,406. Mkutano mkuu umekaribia na kila mfugaji anatakiwa apewe karatasi yake, mwezi kwa mwezi, lita ngapi, kaleta siku ngapi, pesa ngapi.

Nilifungua faili kwenye Excel nikapiga pivoti (jedwali la muhtasari), miezi ya mwanzo iko poa lakini Oktoba imekatika njiani na Novemba na Desemba hamna kitu kabisa. Nikaandika skripti ya Python, lupu inapita mstari mmoja mmoja, inatafuta jina kwenye rejista, inatafuta bei, inajumlisha halafu inabandika mstari kwenye jedwali la majibu. Nimeiwasha jana saa mbili usiku, naamka asubuhi bado inazunguka na laptop imechemka kama pasi. Ram ni gigabaiti 8. Shida ni mashine au ni mimi?

fundi_jedwali
Pole mkuu, mashine yako nzima kabisa.

Kwanza hiyo Oktoba. Karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576 basi, ikizidi hapo inayobaki haiingii. Faili lako limepangwa kwa tarehe, mistari kama 3,600 kwa siku, piga hesabu utaona inajaa katikati ya Oktoba. Sio wewe peke yako yamekukuta: 2020 Uingereza wagonjwa 15,841 wa Covid walichelewa kuingia kwenye hesabu za taifa kwa sababu majibu ya maabara yalikuwa yanapitia faili za Excel za muundo wa zamani ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Kwa hiyo hiyo pivoti usimpe mtu yeyote, hata hiyo miezi inayoonekana sawa ichapishe upya.

Sasa lupu. Unavyobandika mstari mpya kwenye jedwali la pandas (ile maktaba ya Python ya majedwali), jedwali zima linanakiliwa upya, likikua nakala nayo inakua. Ni kama karani ambaye kila risiti ikija anaandika daftari lote upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Acha lupu, tumia groupby, yaani amri ya kupanga kwa makundi, inapita data mara moja na kila mfugaji anakuwa na ndoo yake ya mwezi, mstari ukija unamwagwa kwenye ndoo yake basi.

Na jina la mtu usilitafute mara milioni moja! Jumlisha kwanza, unganisha na rejista baadaye. Wanachama 1,900 mara miezi 12 ni mistari 22,800 kwa wingi wake, hiyo hata simu inaiweza.

dada_hesabu
Nakubaliana na fundi ila kwenye bei hapana, hapo usijumlishe kwanza. Bei ya lita ikibadilika katikati ya mwezi, ukichukua lita za mwezi mzima ukazidisha kwa bei moja kuna mfugaji utamdhulumu. Tafuta pesa ya kila mstari kwanza, lita mara bei ya siku ile, kolamu nzima kwa mpigo mmoja, hiyo haichukui hata sekunde. Ndio ukusanye:

`m = maziwa.groupby(["namba", "mwezi"], dropna=False).agg(lita=("lita", "sum"), siku=("tarehe", "nunique"), pesa=("pesa", "sum"))`

Siku nimeweka nunique, inahesabu tarehe tofauti tu, ukihesabu mistari aliyeleta asubuhi na jioni ataonekana kaleta siku mbili.

Hiyo dropna=False usiifute tafadhali. Bila hiyo pandas inaitupa mistari isiyo na namba ya mwanachama kimya kimya, hakuna onyo wala nini, na hayo ni maziwa ya mtu. Pia wakati wa kusoma faili iambie namba ni maandishi, la sivyo 00417 inageuka 417 halafu haikutani na rejista. Ukifika kwenye kuunganisha weka validate="m:1", kama kuna mtu yuko mara mbili kwenye rejista inakataa hapo hapo badala ya kumzidishia lita.

Halafu linganisha jumla ya lita mwanzo na mwisho. Zisipolingana usichapishe kitu.

mzee_wa_SQL
Kijana kama hii kazi ni ya kila mwezi achana na kupakia faili zima kwenye ram. Ingiza kwenye SQLite, ni hifadhidata ya faili moja tu, haihitaji seva, amri ya SELECT na GROUP BY inamaliza na mwakani unaongeza tu mistari mipya.

karani_maziwa
Nimerudi wakuu, Mungu awabariki. Imemaliza hata nusu dakika haikufika, nikadhani imekosea nikairudia. Mzee SQLite nitahamia baada ya mkutano.

Dada, validate imegoma kweli. Kuna wanachama wawili walihama kituo, wakaandikwa upya kwa namba ile ile bila kufuta ya zamani. Nimesafisha, jumla ya lita ikalingana hadi nukta ya mwisho.

Ila imebaki ile ndoo isiyo na namba. Mistari 46, yote kituo kimoja, yote Aprili wakati wa masika, lita 214. Ningetumia njia yangu ya mwanzo nisingejua kama ipo. Kituoni wana daftari la mkono, kesho asubuhi naenda nalo mstari kwa mstari na mpimaji tuwajue wenyewe ni kina nani kabla sijachapisha karatasi hata moja.