Ushauri: kuomba nyaraka za mfuko wa serikali wa sanaa ukiwa Kigoma

Mwamba_Ngoma
Wakuu, habari za jukwaa. Kikundi cha ngoma hapa Kigoma-Ujiji kinataka kujua Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania ulikopesha wasanii wangapi wa mkoa huu mwaka wa fedha 2023/24, shilingi ngapi, na kwa vigezo gani. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuziona nyaraka hizo? Barua ipitie kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa? Na ni lazima mtu asafiri? Nauli peke yake ingetosha kuwamba ngoma upya.

Karani_wa_Zamani
Haki ipo, mkuu. Inatoka Ibara ya 18 ya Katiba, na utaratibu uko kwenye Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Ni haki ya raia, kwa hiyo ambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA ili mtu asipate kisingizio mapema.

Usiipitishe kwa Afisa Utamaduni. Sheria haikudai hivyo, na kila meza barua inapolala ni wiki imepotea. Mwekee nakala tu chini ya barua, atashukuru kujua. Mwandikie Mtendaji Mkuu wa Mfuko, na kichwa cha habari kisomeke: OMBI LA TAARIFA CHINI YA SHERIA NA. 6 YA 2016. Bila maneno hayo masjala itaifungua kama barua ya kawaida, iingie kwenye faili la "maoni ya wadau", na huko hakuna saa inayohesabu.

Maana saa ndiyo silaha yako. Wana siku 30 tangu kupokea, si tangu ulipoandika. Ikipokelewa tarehe 3 Machi, mwisho ni tarehe 2 Aprili. Kwa hiyo unahitaji ushahidi wa tarehe. Kusafiri si lazima: tuma kwa EMS pale Posta, tunza risiti, na fuatilia namba yake mpaka uone imesainiwa. Ukipata mtu wa kuipeleka kwa mkono, abebe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi kwako.

Jicho_la_Bajeti
Kabla ya kununua bahasha, soma vilivyo wazi tayari. Hotuba ya bajeti ya Wizara inayosimamia utamaduni husomwa bungeni kila mwaka, na taarifa za mikopo ya Mfuko huwekwa humo. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nazo humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha Bunge mwezi Aprili. Angalia mwaka: serikali hufunga hesabu 30 Juni, kwa hiyo mambo ya 2023/24 yako kwenye ripoti za 2025, si za 2024. Wengi hukosea hapo, wakasema hakuna kitu.

Ila huko utapata jumla ya nchi. Mgawanyo wa mkoa kwa mkoa ndio wa kuombea barua.

Mwamba_Ngoma
Asanteni. Nimeandika hivi: "Tunaomba taarifa zote kuhusu mikopo ya wasanii, pamoja na majina ya waliopewa, na mtueleze kwa nini Kigoma inasahaulika." Iko sawa?

Karani_wa_Zamani
Hiyo itakwama mara tatu.

"Taarifa zote" hazitafutiki. Sheria inataka maelezo yanayomwezesha ofisa kujua ni nyaraka ipi atoe kabatini. "Kwa nini" ni swali, nalo hujibiwa kwa maneno matamu. Wewe omba karatasi. Na majina ya watu binafsi yatagongana na faragha, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiyang'ang'ania, barua nzima inaweza kukataliwa kwa sababu ya mstari mmoja.

Andika hivi: "Naomba (a) mwongozo wa utoaji mikopo uliotumika kati ya 1 Julai 2023 na 30 Juni 2024, (b) jedwali la idadi ya maombi yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa na kiasi kilichotolewa, kwa kila mkoa, bila majina, (c) fomu ya kupimia maombi, ikiwa tupu." Mikoa yote, si Kigoma tu. Namba ya mkoa mmoja bila ya jirani haikuambii kitu.

Hicho cha (c) watu hukisahau, na ndicho chenye faida kuliko vyote: kinaonyesha alama zinakotoka.

Mtoto_wa_Kibirizi
Ongeza sentensi moja: "Endapo sehemu ya nyaraka hairuhusiwi kutolewa, naomba sehemu iliyobaki." Mikopo hii hupitia benki, na faili la mteja wa benki hutalipata. Ada wanayoweza kukutoza ni gharama ya kuandaa nakala, basi; omba zitumwe kwa baruapepe uikwepe.

Halafu ajabu ya mji wetu: mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilichaguliwa miongoni mwa serikali 15 za miji na majimbo za majaribio za ule mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini, OGP. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa.

Mwamba_Ngoma
Wakikataa je? Au wakinyamaza?

Karani_wa_Zamani
Kukataa kuwe kwa maandishi na sababu itajwe. Una siku 30 kumwandikia mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, hata kama unadhani ni yeye yule aliyekukatalia. Usiiruke ngazi hiyo. Usiporidhika, siku 30 nyingine kwenda kwa Waziri. Wakinyamaza, siku ya 31 tuma barua ya kukumbusha, ukitaja tarehe ya kwanza na namba ya EMS.

Na mkizipata, mkizibandika mahali, zibandikeni kama zilivyo. Sheria hiyohiyo ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa.

Mwamba_Ngoma
Asaini nani, mwenyekiti au kikundi?

Jicho_la_Bajeti
Mtu mmoja, kwa jina lake, maana haki ni ya raia. Aweke simu, baruapepe na S.L.P. ambayo kuna mtu anaifungua kila wiki. Siyo ile ya shule ambayo ufunguo wake uko kwa mwalimu aliyehamia Kasulu.