Tupeane uzoefu: setilaiti zinazopita juu ya Goma, Bukavu na Lubumbashi

Himbi, Goma
Ile "treni ya taa" iliyopita juu ya Ziwa Kivu jana jioni imefufua maneno, na asubuhi hii mtaa mzima wa Birere una tafsiri yake. Ule mstari ni Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX: kundi jipya lililobebwa na roketi moja, mara nyingi zaidi ya ishirini kwa safari. Zikiachwa tu na roketi ziko chini, km 300 hivi, zinafuatana kama siafu. Kisha kila moja inapanda polepole hadi km 500 hivi, mstari unalegea, mwanga unafifia. Ukisikia zimerushwa, tazama jioni za mwanzo. Baada ya wiki usimwite jirani, utaaibika. Mwenye kujua saa, upande na makosa ya kuepuka, aweke hapa.

Katindo, Goma
Kinachowakosesha watu si mawingu, ni saa. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa ni UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya dunia), huku kwetu na Katanga ni UTC+2. Programu ya kutabiri mapito ya setilaiti ikiachwa kwenye Kinshasa inakuandikia, tuseme, 17:52. Unatoka, jua bado halijazama, unasubiri nusu saa, unarudi ndani ukitukana. Kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kinapita 18:52 ukiwa mezani. Na hata ukirekebisha saa bado umekosea, maana Kinshasa iko zaidi ya km 1,500 kutoka hapa, kwa hiyo upande na kimo cha juu ya upeo wa macho havitalingana. Kwenye Heavens-Above, tovuti inayotabiri mapito hayo, andika mwenyewe latitudo 1.68 kusini na longitudo 29.22 mashariki, halafu chagua UTC+2. Orodha ichukue mapema, umeme na mtandao vikiwepo. Ila isizidi siku chache, kwa sababu ISS inasukumwa juu mara kwa mara na hesabu ya zamani inachelewa au kuwahi.

La pili ni kivuli cha dunia. Setilaiti haina taa, inaangaza kwa jua. Huku karibu na ikweta jua linazama wima, digrii 15 kwa saa. Kitu kilicho km 400 juu ya kichwa chako kinaingia kivulini jua likiwa limeshuka digrii 20 hivi chini ya upeo. Gawanya: dakika 80 baada ya magharibi. Dakika 30 za kwanza anga bado ni jeupe, ondoa. Inabaki kama saa moja jioni, na nyingine kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana ISS huonekana siku chache mfululizo, kwa wastani ikiwahi dakika 20 na kitu kwa siku, kisha inapotea wiki kadhaa. Haijaharibika, inapita mchana au kivulini.

Jioni usishangae ikizimika katikati ya anga. Inakuwa nyekundu kidogo, sekunde chache, basi. Alfajiri ni kinyume, inawaka ghafla pasipo na kitu.

Majengo, Goma
Kivuli, kabisa. Watu wanadhani imeanguka.

Kadutu, Bukavu
Mimi nasema zipo zinazopita saa saba usiku, tena hizo za televisheni. Kijana wa jirani anaziona kila wiki.

Fundi wa dishi, Bukavu
Ndugu wa Kadutu, pole, lakini hapana. Ya televisheni iko km 35,786 juu ya ikweta na inazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana dishi tunalikaza mara moja na halifuati kitu. Kwa macho haionekani. Huku kwetu ile ya digrii 36 mashariki iko karibu utosini, kimo cha digrii 80 na kitu. Dishi kubwa la kizamani linatazama juu kama sahani, mvua inajaa. Toboa tundu dogo chini kabisa, vinginevyo picha inakatika na wewe unalaumu setilaiti. Cha saa saba usiku, kama kinapepesa mwekundu na kijani, ni ndege. Kikikata anga kwa sekunde moja ni kimondo. Na kisichosogea kabisa usiniletee, ni nyota au sayari.

Kadutu, Bukavu
Sijasema kinapepesa!

Fundi wa dishi, Bukavu
Basi mwambie asome saa vizuri. Programu ikiandika 7:10 PM ni saa moja na dakika kumi, si saa saba.

Ruashi, Lubumbashi
🤣 Aksanti. Huku tuna bahati ambayo hatuisemi: Hubble, darubini ya angani. Ilirushwa Aprili 1990, na mzunguko wake haupandi zaidi ya digrii 28.5 kaskazini au kusini. Hapa Lubumbashi inatupitia juu kabisa, nuru ya nyota ya kawaida. Shemeji yako aliyeko Bruxelles haioni hata apande mnara. Kuanzia Mei hadi Julai anga ni safi. Agosti na Septemba moshi wa kuchoma pori unakula kila kitu kilicho chini. Kujua upande, tumia cheminée, lile bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines.

Katuba, Lubumbashi
Cheminée iko upande gani, yaya? Wa Ruashi na wa Katuba hatuioni upande mmoja. Tumia Msalaba wa Kusini: mstari wake mrefu, urudie mara nne na nusu, shuka wima hadi chini, hapo ni kusini.

Katindo, Goma
Goma ni rahisi, Nyiragongo kaskazini, ziwa kusini. Kompasi ya simu usiiamini juu ya mawe ya lava wala chini ya bati. Kimo pima kwa ngumi, mkono umenyooshwa: ngumi moja ni digrii 10. Orodha ikisema 40, ngumi nne kutoka upeo. Chini ya 10 usihangaike, volkano na milima vinaziba. Na ISS haitoki mashariki kwenda magharibi, kamwe.

Bagira, Bukavu
Na zikianguka je? Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya mita 2.5, kilo 500 hivi, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Mchana! Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi.

Majengo, Goma
Kilo 500?? Bati langu ni geji 32.

Nguba, Bukavu
Iliua mtu?

Bagira, Bukavu
Hapana. Usiku utaitambua takataka ya angani: kimondo kinakwenda km 11 kwa sekunde au zaidi, chuma kinachotoka kwenye mzunguko wa dunia chini ya 8. Kinavuka polepole, vipande vinafuatana vikiwa na mikia, hata dakika nzima. Ukikuta tangi porini usiguse wala kupelekea muuza vyuma. Linaweza kuwa na haidrazini, sumu kali.

Katuba, Lubumbashi
Katanga tulianza zamani. OTRAG, kampuni ya Wajerumani, ilirusha roketi zake hapa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuanzia Mei 17, 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilifeli Mobutu akitazama.

Himbi, Goma
Turudi angani jamani. Picha?

Ruashi, Lubumbashi
Simu juu ya tofali, lenzi ibaki wazi sekunde 10, usikivu wa ISO 800. Ikipita utosini inachora kama digrii 10.

Majengo, Goma
Sekunde 10 ukielekea volkano, picha inatoka rangi ya machungwa tupu. 4 zinatosha. Jumeli, darubini ya macho mawili, ya 7x50 ni nzuri.

Katindo, Goma
Jumeli kwa ISS ni kuikosa. Macho. Na kaeni ndani ya lupango, uwani kwenu: mtu anayeelekeza jumeli juu usiku barabarani ana maelezo mengi ya kutoa.

Kadutu, Bukavu
Kijana amekubali ilikuwa saa moja.