Msaada: waimbaji wanabaki nyuma ya kinanda nikirekodi kwa laptopu

Moro_Tena
Wakuu, heshima kwenu. Tuko waimbaji wanne hapa Morogoro, kila mmoja na sauti yake. Studio hatuimudu, kwa hiyo tunarekodi sebuleni kwangu kwa programu ya Audacity, laptopu ya Windows na maiki moja ya USB. Kinanda nimekiingiza kama faili. Kila mtu anakuja kwa zamu yake, anasikiliza kinanda kwenye hedifoni na kuimba.

Akiimba, kila kitu kiko sawa. Tukirudia kusikiliza, yuko nyuma ya kinanda. Mama wa sauti ya kwanza amerudia wimbo mmoja mara saba akidhani kosa ni lake. Jana akaniuliza taratibu kama aachie nafasi mtu mwingine. Limeniuma, maana namjua, mpigo haumpotei. Nifanyeje?

fundi_waya
Mkuu, hedifoni ni za waya au Bluetooth?

Moro_Tena
Bluetooth.

fundi_waya
Basi mwambie mama akae kwa amani, hana kosa. Bluetooth inaibana sauti, inaituma, kisha inaifungua upande wa pili, na safari hiyo mara nyingi inakula milisekunde 150 hadi 300. Anaimba sawasawa na anachokisikia, ila anachokisikia kimeshachelewa.

Tafuta za waya. Halafu usikisie, pima. Ndani ya Audacity fungua menyu ya Generate, chagua Rhythm Track, upate mpigo wa metronomu. Gandamiza hedifoni kwenye maiki, rekodi mpigo huo kwenye traki ya pili. Kuza picha ya sauti mpaka uone vilele viwili, cha asili na kilichorekodiwa, upime nafasi iliyopo kati yake. Kwenye mipangilio kuna sehemu imeandikwa Latency Compensation, yaani fidia ya ucheleweshaji, kwa kawaida inakuja na milisekunde -130. Mpigo uliorekodiwa ukibaki nyuma kwa milisekunde 85, andika -215. Pima mara tatu. Namba zikikaribiana, hiyo ndiyo yako.

kijana_biti
Punguza bafa tu mkuu, ile akiba ya sauti ambayo laptopu inaikusanya kabla ya kuipitisha, mambo yataisha.

fundi_waya
Hapana ndugu yangu. Bafa ndogo inamsaidia anayejisikiliza mwenyewe kupitia laptopu. Huyu anasikia kinanda peke yake, kwa hiyo hatafaidika, na laptopu ikiwa dhaifu sauti itaanza kukatika.

Moro_Tena
Wakuu, nimerudi. Nimeazima hedifoni za waya, nimepima, nikaandika -171. Tumerudia sauti za besi na tena (tenor). Mwanzo wa wimbo umekaa vizuri sana, nilimpigia simu mama hapo hapo.

Ila wimbo una dakika 5 na sekunde 40, na nikifika ubeti wa mwisho kinanda kimeshatangulia tena. Nimepima, kama milisekunde 40. Mwanzo sifuri, mwisho 40.

Dada_wa_Mawimbi
Kaka, hilo ni tatizo jingine kabisa, na watu wengi wanayachanganya. Pengo lisilobadilika toka mwanzo hadi mwisho ni ucheleweshaji, umeshautibu. Pengo linalokua kidogo kidogo ni saa mbili zisizolingana. Nijibu mambo mawili. Hedifoni umechomeka wapi? Na ukizima kinanda ukaacha besi na tena peke yake, zinapatana mwishoni?

Moro_Tena
Hedifoni kwenye tundu la laptopu. Nimezima kinanda sasa hivi... dada, zinapatana! Mpaka "amina" ya mwisho wanafunga mdomo pamoja.

Dada_wa_Mawimbi
Ndivyo nilivyotegemea. Maiki ya USB ina saa yake ndani inayohesabu sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, na kadi ya sauti ya laptopu ina ya kwake. Zote zinadai 44100 kwa sekunde, lakini hakuna iliyo kamili. Yako ya maiki inakimbia kidogo, kwa hiyo inahesabu sampuli nyingi zaidi ndani ya muda ule ule, na rekodi ikichezwa inakuwa ndefu. Sauti zote zimepita kwenye maiki moja, ndiyo maana zimerefuka sawa. Aliyebaki peke yake ni kinanda.

Kwa hiyo hizo mlizokwisha kurekodi usiziguse. Nyosha kinanda: milisekunde 40 ndani ya sekunde 340 ni kama asilimia 0.012. Tumia athari inayobadili kasi pamoja na pichi (sauti kuwa juu au chini), uweke -0.012. Pichi itashuka kiasi ambacho sikio halikipati.

Kwa rekodi zijazo, angalia chini ya hiyo maiki. Nyingi zina tundu la hedifoni. Chomeka hapo, na kwenye Audacity chagua maiki hiyo hiyo iwe ya kuingiza na ya kutoa. Hapo saa ni moja. Ila rudia kipimo cha fundi, maana njia ya sauti imebadilika na -171 haitafaa tena.

Moro_Tena
Tundu lipo! Miezi minane ninayo maiki hii, nilidhani ni la kuchaji. Nimepima upya mara tatu: -148, -147, -148. Kinanda nimekirudisha kilivyokuwa na nimejaribu wimbo mzima mwenyewe, beti zote. Mwisho umelala juu ya kinanda kama mwanzo.

Besi na tena wamekubali kurudia ili wote wanne tupite njia moja. Mama anakuja Jumamosi saa tisa, ataanza yeye.