Sayansi kwa Kimaori: je, kinachobadilika ni lugha pekee?

Mwalimu wa Fizikia aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, Kimaori ni lugha rasmi nchini Nyuzilandi tangu 1987, na mtaala wa sayansi kwa lugha hiyo, uitwao pūtaiao, ulichapishwa mwaka 1996. Ninachotaka kufahamu ni iwapo wanafunzi wa shule za Kimaori husoma sayansi ileile kwa lugha nyingine, au maarifa ya mababu zao nayo yana nafasi darasani.

Msomaji wa Nyota:
Yana nafasi, ingawa kwa viwango tofauti. Mfano ninaoupenda ni maramataka, kalenda ya mwezi ambayo kila usiku wake una jina na maelekezo ya uvuvi na upanzi. Wanafunzi wanaweza kuandika joto, upepo na samaki waliopatikana, kisha wakalinganisha takwimu zao na yale waliyosema wazee. Vivyo hivyo Matariki, yaani Kilimia chetu, ambacho huchomoza tena kabla ya mapambazuko katikati ya majira ya baridi ya huko, na ambacho tangu 2022 kina sikukuu yake ya taifa. Mwalimu akieleza kwa nini nyota hizo hufichwa na mwanga wa jua kwa wiki kadhaa, amekwisha kufundisha jinsi dunia inavyolizunguka jua.

Mkemia:
Nakubali kuhusu kalenda, kwa kuwa inapimika. Lakini rasimu ya somo la kemia kwa cheti cha taifa, NCEA, iliwahi kuingiza mauri, nguvu ya uhai inayoaminika kuwamo katika vitu vyote, na hapo mimi nasita, kwani mwanafunzi ataipima kwa chombo gani? Mwaka 2021 wasomi 7 wa Chuo Kikuu cha Auckland waliandika barua ya wazi wakipinga kuyaweka maarifa ya jadi ya Kimaori katika daraja moja na sayansi, na mzozo ukawa mkali. Kwa maoni yangu, mauri ina mahali pake pale wanafunzi wanapojadili wajibu wa binadamu kwa mto, si katika jedwali la elementi.

Mama Mwalimu:
Mkemia, hoja yako ni nzito, ila tusisahau kwamba wanafunzi wengi wa Kimaori wamo katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Huko mwalimu asiyeijua maramataka hawezi kuifundisha kwa sababu tu mtaala umeitaja, kwa hiyo mimi ningeanza na vyuo vya ualimu, na kuwalipa wazee wanaoalikwa darasani.