Mnaowaponda dada wa kazi na kusifia dei kea, leo tuambizane ukweli

Wakuu, salamu baadaye. Nimechoka na nina hasira.

Kila ikisambaa video ya dada wa kazi anayempiga mtoto, hata kama ni ya nchi nyingine na ya zamani, kundi letu la wazazi la WhatsApp linawaka kutwa nzima. "Hawa viumbe si wa kuamini." "Bora dei kea mara mia." "Mimi mwanangu simwachii beki tatu hata dakika tano." Na anayeandika hivyo, mwanawe muda huohuo yuko sebuleni analishwa uji na beki tatu huyohuyo, ndiyo maana mama mtu kapata nafasi ya kuchati saa nne asubuhi akiwa ofisini.

Sikatai kwamba wakatili wapo. Ile video ya Kampala ya Novemba 2014 tuliiona wote, mtoto anapigwa na kukanyagwa, na yule dada akahukumiwa miaka minne jela. Alistahili. Ila kumbukeni ilijulikana kwa sababu baba wa mtoto alitega kamera nyumbani kwake. Sasa nitajieni dei kea moja hapa Dar ambayo mzazi amewahi kuomba kamera akapewa. Dada wa kazi anawekewa kamera sebuleni, jirani anachungulia dirishani, mwenye duka la Mangi anatoa taarifa mtoto akionekana na makamasi. Dei kea geti linafungwa saa mbili asubuhi na hakuna anayejua kinachoendelea mpaka jioni, na wote tumeridhika kwa sababu ukutani kuna picha ya Mickey Mouse.

Mimi nimeingia moja. Siitaji jina. Nje kumepakwa rangi tatu, bembea mpya, nyasi za plastiki. Ndani chumba cha watoto wachanga kina televisheni inayoimba Kiingereza, vitoto vimewekwa kwenye vigari vyao vinatazama ukuta, chupa za maziwa zimepangwa dirishani zimebandikwa plasta yenye majina, na jua linazipiga. Mlezi mmoja. Kambeba mmoja mgongoni, mmoja anamlisha, wengine wanalia kwa zamu. Nikamsalimia, tukaongea kidogo. Katoka Singida, aliletwa mjini na dalali kufanya kazi za ndani Sinza, mama mwenye nyumba akahama mkoa, ndipo akapata kazi hapo. Ni beki tatu yuleyule mnayemtukana! Kavishwa aproni yenye nembo, basi keshakuwa "ticha". Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja mkononi akaitwa mchawi, huku ana darasa zima anaitwa mtaalamu, na mnalipa laki na nusu kwa mwezi, uji na pampasi juu yenu.

Simaanishi vituo vyote viko hivyo. Vipo vilivyosajiliwa Ustawi wa Jamii kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka, vina walezi waliosomea, vina watoto wachache kwa kila mlezi. Mwenye uwezo wa kulipia kituo cha namna hiyo, na kikawa kinapokea mtoto wa umri wa mwanawe, ampeleke, raha yake. Ugomvi wangu ni na hii tabia ya kupanga ubora kwa kuangalia geti.

Na mnajua hesabu ya likizo ilivyo. Sheria inampa mama siku 84, mia moja kama kajifungua mapacha. Baba siku tatu. Maana yake unarudi kazini mtoto hajafikisha miezi mitatu, shingo ndiyo kwanza inakaza. Kweli sheria inasema mwajiri akupe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini mimi nakaa Chanika na kazini ni mjini; hizo saa mbili zinaishia Gongo la Mboto kwenye foleni. Vituo nilivyouliza karibu na kwangu vingi havitaki mtoto ambaye hajafika mwaka. Sasa huyo wa miezi mitatu abebwe na nani?

"Mpeleke kwa bibi." Bibi yupi? Mama yangu ana presha, ana genge la nyanya na vitunguu, na magoti yanamsumbua. Kashalea wake sita. Hakuna anayeuliza kama bibi ana nguvu za kumkimbiza mtoto anayetambaa kuelekea jiko la mkaa, kwa kuwa ni bibi basi ni salama. Halafu wapo waliopeleka watoto wa miaka minne bweni na hawakuwahi kuitwa wazazi wabaya, walionekana wana hela. Ilibidi wizara itoe waraka Machi 2023 kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na waliolalamika kwa sauti kubwa ni haohao wanaotuhubiria mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Mwezi uliopita mwanangu aliharisha, nikampeleka hospitali, dada tukaenda naye. Mimi ni nesi, hayo maswali nawauliza akina mama kila siku. Daktari akauliza kaharisha mara ngapi. Nikamgeukia dada maana nilikuwa zamu ya usiku. Binti akajibu: mara tano tangu jana mchana, ya mwisho ilikuwa na ute, mkojo wa mwisho saa kumi alfajiri na ulikuwa wa njano sana, ORS kanywa nusu kikombe kwa kijiko maana kwa chupa anatapika. Hata mwanafunzi wetu wa uuguzi angepata maksi kwa maelezo hayo. Daktari hakumtazama hata mara moja. Alipomaliza kuandika akaniambia mimi, dada akiwa amempakata mtoto palepale: "Mama, hawa muwe mnawafuatilia, hawaoshi chupa." Dada akainamisha kichwa. Nilimjibu vibaya yule daktari na sijutii.

Harusini ni hayohayo. Dada anakuja kwa ajili ya kumshika mtoto, kadi ni ya watu wawili, basi anakaa kwenye ngazi za ukumbi na mtoto kalala begani mpaka saa sita usiku, anasubiri sahani iliyobaki. Kesho yake mnashangaa kwa nini hana upendo.

Tuje kwenye pesa. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea dada anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi, anayekuja na kurudi kwake 120,000. Nina uhakika humu ndani kuna watu walioendelea kulipa ile 40,000 ya amri ya 2013, tena wanakata sahani ikivunjika. Anaamka saa kumi na moja, anafua, anapika, anadeki, analea, analala wa mwisho. Wengine mnaleta katoto ka miaka kumi na tatu kutoka kijijini, ambacho kisheria hakiruhusiwi kuajiriwa, mnakikabidhi kichanga, halafu kichanga kikianguka kitandani mnakuja hapa kuanzisha uzi "Madada wa siku hizi hawafai."

Na ninyi akina baba msijifiche. Kila wiki kuna uzi humu wa kuchekesha kuhusu baba mwenye nyumba na beki tatu, kurasa kwa kurasa watu wanacheka. Yule binti anayefunga mlango wa chumba chake kwa kuegemeza ndoo usiku, yeye hacheki. Akiondoka bila kuaga mnasema kawaasi.

Wiki ijayo naingia tena zamu ya usiku, saa mbili usiku hadi asubuhi. Baba watoto yuko mgodini Geita. Kwa hiyo wale mtakaokuja na "ungempeleka tu dei kea", msiniletee mawaidha. Nitajieni mtaa, bei, umri wanaopokea, mlezi mmoja ana watoto wangapi, na saa wanayofunga.